Sahani ya Kukaliwa na Sahani

Mtu anaweza kufukuza wakwe bila kutoa tusi hata moja. Tabby wa Warigia aliwafukuza kwa sahani. Wenye mabinti wasome hii polepole.

Tabby alikuwa ameajiriwa Ruiru kwa ofisi ya kuuza ploti, na nyumba alikuwa amekodisha Kamakis, ghorofa ya nne, pale moshi wa nyama choma hupanda mpaka kwa nguo zilizoanikwa. Mchumba wake Marvin ni kijana mtulivu, fundi wa mashine kwa kiwanda huko Thika, na kwao ni Vihiga. Siku moja Marvin alisema wazazi wake wanakuja kumwona msichana. Wakimpenda, watarudi na wazee kuongea mahari. Wasipompenda, basi. Warigia, mama yake Tabby, aliposikia hivyo alikosa usingizi. Huyo binti alikuwa mmoja tu, na wenzake wote aliosoma nao walishabeba watoto mgongoni zamani.

Warigia alitaka wageni waje kwake Mugutha, kwa mama, kama watu wote wanavyofanya. Tabby alikataa. Alisema vikombe vya Mugutha havifanani hata viwili, na sahani za bati zimebanduka rangi kama mbwa mgonjwa. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma habari za mvua kwa redio, na hiyo ndiyo ilimuuma mama.

Badala yake akampeleka Thika wachague vyombo. Duka lilikuwa juu ghorofani, muziki wa chini chini, na muuzaji ni rafiki yake Tabby anayeitwa Becky, kucha zake ndefu mpaka unajiuliza kama huwa anaosha kitu chochote kati ya hivyo anavyouza. Hapo kulikuwa na sinia za ngazi tatu. Kulikuwa na vibao vyeusi vya mawe, ati vya kupakulia nyama, na Warigia aliviangalia akaona vigae vya choo tu. Mchuzi ukimwagwa hapo unaenda wapi kama si kwa mapaja ya mgeni? Aliokota kibakuli kinachotosha kiganja akauliza kama ni cha chumvi. Becky akacheka, akasema ni cha ugali.

Warigia akafikiria baba yake Marvin, mwanaume wa Vihiga aliyelima majani chai maisha yake yote, akipewa ugali kwa kitu kama hicho. Alikuwa amejiambia siku hiyo atanyamaza.

Lakini Tabby akashika ile sahani kubwa ya dhahabu. Ilikuwa ndiyo sahani nzuri kuliko zote dukani, pana, inang'aa kama uso wa mtu aliyepakwa mafuta ya harusi. Hata Warigia aliipenda. Alisema hiyo ndiyo watamwekea mzee chakula.

"Ai, mum, hiyo hailiwi," Tabby akasema. "Inakaa chini ya sahani ingine. Ni ya kupendeza meza."

"Kwa hivyo mgeni unamwonyesha kubwa, halafu unampakulia kwa ndogo."

"Mum, tafadhali."

Becky akageuka akaanza kupanguza rafu isiyo na vumbi.

Jumamosi Warigia alifika Kamakis mapema na kuku wawili wa kienyeji, mboga ya managu, unga wa posho, na kiondo chenye sahani zake za bati. Tabby aliviona akakisukuma kile kiondo nyuma ya mlango wa jikoni. Asubuhi nzima Warigia alichoma manyoya, akakata, akapika. Asubuhi hiyohiyo Tabby alikunja vitambaa vikawa kama ndege, akavikunjua, akavikunja tena vikaangalia upande ule mwingine. Kama kupika kungekuwa kukunja vitambaa, wageni wangeshiba mpaka wapasuke.

Wakaja. Baba yake Marvin, Absalom, alikuwa mrefu, koti la kanisani, sauti ya chini. Mama yake, Wilkister, alikuwa mfupi mwenye kicheko karibu, na alibeba mfuko wa njugu alizokaanga mwenyewe. Warigia alikuwa amejifunza kusema mulembe, salamu ya kwao, akasema, na Wilkister akamkumbatia kama wamezaliwa pamoja. Tabby alipokea ule mfuko kwa mikono miwili, vizuri kabisa, kisha akauweka kando ya mlango karibu na viatu, kwa sababu rangi yake haikuenda na meza. Ukabaki hapo umefungwa.

Chakula kikawekwa. Watu wakaambiwa wangojee kidogo, Tabby apige picha. Mvuke ukapanda, ukapungua, ukaisha. Warigia ndiye aliyekumbuka maji ya kunawa, akazunguka na jagi na beseni, Marvin akimsaidia na taulo.

Absalom aliombea chakula. Halafu akaangalia kile kibakuli chake. Ugali aliumaliza kwa tonge moja. Akaangalia huku na huku kwa adabu, akakitoa kibakuli juu ya dhahabu, akakiweka kando. Akavuta sinia, akakata ugali wa mtu mzima, akauweka pale kwa sahani kubwa, paja la kuku juu yake, mchuzi ukamwagwa. Akakunja mikono ya shati.

"Sasa hapa tunaweza kuongea, Mama Tabby," akasema.

Wilkister akafanya vilevile. Marvin akacheka, naye akafanya. Warigia aliona mzee akila kwa furaha, na kwa mara ya kwanza tangu wiki ianze kifua chake kikapoa. Mtu akikula hivyo kwa nyumba, anarudi.

Tabby akatoka jikoni na juisi. Akasimama. Akaweka jagi chini, akaenda mpaka kwa kiti cha mzee, akashika ukingo wa sahani.

"Pole, baba. Hii si ya kulia."

Absalom alidhani anaongezewa, akainua mkono kumpisha. Sahani ikaondoka. Iliondoka na ugali, na mchuzi, na lile paja alilokuwa ameshaliuma, ikaingia jikoni, na mzee akabaki na tonge lake hewani kama mtu aliyeulizwa swali shuleni akasahau jibu. Kutoka jikoni ilisikika sauti ya kijiko kikikwangua.

Wilkister alitoa mikono yake mezani akaiweka kwa mapaja. Marvin aliangalia sakafu.

Warigia aliinuka, akaenda nyuma ya mlango, akatoa sahani ya bati kwa kiondo. Akampakulia mzee upya, akijaza, akaiweka mbele yake kwa mikono miwili. Absalom alikula yote. Alikula polepole, kwa heshima ya aliyepika. Wakaongea juu ya mvua. Wakaongea juu ya bei ya majani chai. Kile kilichowatoa Vihiga hakuna aliyekitaja.

Walipoinuka kwenda, Absalom alisimama mlangoni akapaza sauti kidogo, ili na aliye jikoni asikie.

"Mama Tabby, leo tumekula kwako. Kama tutarudi, turudi Mugutha, kwa hizi sahani zako. Msichana atukaribishe huko."

Hilo ndilo lilikuwa limebaki. Msichana atoke, aseme karibuni, ashuke ngazi na wageni mpaka stegi ya matatu. Hata mtoto wa darasa la pili anajua kusindikiza wageni. Warigia akamwita. Hakutoka. Akaenda.

Tabby alikuwa dirishani, ameinamisha ile sahani kwa mwanga, anaisugua na kidole gumba.

"Mum, amekwaruza. Ona hapa. Na Becky alisema haziuzwi moja moja."

"Wageni wako mlangoni."

"Waambie nakuja."

Warigia aliwasindikiza peke yake. Mlangoni Wilkister aliona mfuko wake wa njugu kando ya viatu, umefungwa kama alivyoufunga Vihiga. Aliuruka akashuka. Stegini akauliza kama msichana amebaki.

"Anaosha vyombo," Warigia akasema.

"Aoshe tu," Wilkister akajibu. "Ni vingi."

Marvin alipiga simu Jumatatu. Hakumpigia Tabby, alimpigia Warigia, akamshukuru kwa kuku, akamwambia abaki salama. Warigia akaelewa. Mugutha hakukuja mtu.

Mwezi ulipoisha, jirani yake Trizah alimletea simu, akamwambia picha ya meza ya Tabby inasifiwa na watu wengi, na akauliza wakwe ni wapi hapo. Warigia akavaa miwani. Akaona ndege wa vitambaa, vibakuli, vibao vyeusi, dhahabu inang'aa kila mahali. Akatafuta hata mkono wa mtu. Viti vyote vilikuwa vitupu.