Pengo la Jilala

“Basi waandikishe, kama tatizo ni hilo,” alisema Mwalimu Eustadia.

Mwalimu Mkuu Wenceslaus alijibu kwamba wafu hawaandikishwi shule, tena hawa walikuwa wanakanyaga mihogo yake wakija.

Shule ilikuwa kando ya njia ya zamani ya misafara, nje kidogo ya Tabora. Eustadia alifundisha noti kwa mchezo. Alitandaza kamba tano za katani uwanjani. Mtoto akiruka juu ya kamba, au kati ya kamba mbili, wenzake waliimba sauti ya mahali aliposimama. Tangu kiangazi kianze, wapagazi waliokufa zamani walikuwa wakifika jioni, mizigo kichwani, na kujipanga juu ya kamba mmoja nyuma ya mwingine. Watoto waliwaamkia shikamoo, kisha wakawasoma kama noti, wakiimba.

Kila jioni wimbo ulikatika mahali pamoja, penye pengo katikati ya mstari. Siku moja Maua, mtoto mdogo kuliko wote, alimwuliza kiongozi wa msafara nani hayupo.

“Jilala,” alisema. “Aliugua tulipofika Tura, tukamwacha njiani yu hai. Msafara haumngoji mgonjwa.”

Akaeleza kwamba mpagazi hupokea sauti kwa aliye mbele yake. Waliokuwa nyuma ya Jilala hawakuwa wameimba tangu Tura.

Wazazi waliposikia, waliwaondoa watoto darasani. Wapagazi hawakuwasumbua, ila waliomwacha Jilala walikuwa babu zao, na habari hiyo haikuwa ya watoto. Eustadia akabaki peke yake shuleni, kama alivyokuwa nyumbani. Mumewe alipelekwa vitani Burma. Wenzake walirudi.

“Kunja kamba,” alisema Wenceslaus. “Unamfundisha nani sasa?”

Wapagazi walikuwa wameshajipanga. Eustadia alivua viatu, akajitwisha kikapu chake cha chaki, akaenda kusimama kwenye pengo.

“Umemuaga nani?” aliuliza Wenceslaus.

“Wewe.”

Aliye mbele alimpa sauti. Aliipokea, akaipeleka nyuma, na wale wa nyuma wakaimba, koo zikikwaruza kwa kukaa kimya. Wimbo ulipoisha, msafara ulishika njia ya magharibi, naye akiwemo.

Wenceslaus alikunja kamba, akaziweka stoo pamoja na viatu. Mashariki, kule Tura, Jilala alikuwa bado amelala kando ya njia, akisikiliza kama kuna anayerudi.