Odowa Katika Dawati la Robi

Waliohudhuria kikao cha Chama cha Afya walikuwa hawa: Truphena, mwenyekiti, Oliver, katibu, Joash, mchora mabango, Fardowsa, binti wa mwenye duka la nguo pale sokoni Rodi Kopany, na Robi, mghani wa chama. Mwalimu Masese, mlezi wao, hakuwapo. Alikuwa ameitwa Homa Bay kwa matayarisho ya mashindano, na kabla ya kuondoka aliwaambia kwamba lolote watakaloamua, yeye hatalipangua.

Robi aliketi mwisho wa benchi, mikono ameibana katikati ya magoti. Mashindano yalikuwa Ijumaa. Shairi la chama kuhusu kujikinga na upungufu wa damu lilikuwa lake tangu muhula ulipoanza, na mama yake, ambaye hajawahi kumsikia akisema mbele ya watu, alikuwa amekwisha kuomba ruhusa katika shamba la tumbaku kule Kegonga ili aje amsikilize. Hayo ndiyo Robi aliyokuwa akiyawaza wakati Oliver alipokifungua kiganja juu ya meza na kulibwaga jiwe la kijivu, laini, lenye alama za meno.

"Odowa," alisema Oliver. "Imetoka kwenye dawati la mghani wetu."

Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Odowa, ule udongo mgumu wa kutafuna, huuzwa sokoni, imepangwa mafungu mafungu kando ya nyanya, na wanaoinunua ni wanawake wenye mimba. Kwa watu wa hapo, msichana wa Gredi ya Nane anayetafuna odowa hana haja ya kushtakiwa, amekwisha kujishtaki.

Joash aliangua kicheko. "Mama mtoto! Kumbe Ijumaa tunasafiri na watu wawili kwenye kiti kimoja?"

"Baba ni nani, nyar Kuria?" aliuliza Truphena kwa upole uliotisha kuliko kicheko. Nyar Kuria, yaani binti wa Wakuria: ndivyo walivyomwita kila walipotaka akumbuke kwamba hapo si kwao, na kwamba amewekwa tu kwa shangazi.

"Sina mimba."

"Wote husema hivyo."

"Ni hamu tu. Mvua ikianza kunyesha, nikisikia ile harufu ya mchanga..." Robi alikatisha maneno. Angewaambiaje kwamba hamu ile ilimjia kama kiu, na kwamba siku hizi alipopanda kilima cha shule kichwa kilimzunguka mpaka akashika uzio? Alipiga moyo konde, akasimama. "Hata kwenye shairi imo," alisema, akaghani:

"Chunga rangi ya maungo, na macho uyakabili;
Hamu ya kula udongo, si utundu, ni dalili."

Sauti yake ilijaza chumba kama kawaida. Kisha Truphena akatikisa kichwa.

"Robi, hiyo ni ya mashindano. Hapa tunazungumza mambo ya kweli."

"Lakini si ndiyo tunayowafundisha watu?" Fardowsa alisema kwa hasira. Aliinuka, akakivuta kiganja cha Robi na kukiweka kando ya chake, kisha akaivuta chini ngozi ya jicho la Robi kama walivyofundishwa. "Njooni muone. Haya, njooni!"

Wakaja mmoja mmoja, wakainama. Mahali palipostahili kuwa pekundu palikuwa pamepauka kama maziwa yaliyotiwa maji.

"Hii si mimba," alisema Fardowsa. "Huyu hana damu ya kutosha. Basi."

Robi alishusha pumzi. Alimtazama Truphena, ambaye bado alikuwa akikikagua kile kiganja, akikigeuza huku na huku kama mnunuzi anayepima kuku.

"Kwa hiyo ni kweli," alisema Truphena.

"Ni kweli," Robi alijibu, karibu kwa furaha.

"Basi umetumaliza. Mimba ingekuwa aibu yako. Hii ni aibu yetu. Utasimama mbele ya watu uwaambie wale mboga za majani na maharagwe, wavae viatu wasipate minyoo, wasinywe chai pamoja na chakula, na wewe mwenyewe umepauka hivyo? Watauliza tulikufundisha nini."

"Kwao chajio ni ugali na chai ya rangi," Oliver alidakia. "Shangazi yake namjua."

Robi aliinamisha uso. Ilikuwa kweli. Dagaa na mboga ziliishia kwenye sahani za wakubwa, na yeye, aliyeyajua mafundisho yote kwa moyo, hakuwahi kuthubutu kuomba kijiko.

"Basi apelekwe zahanati leo," alisema Fardowsa. "Vidonge vya kuongeza damu vipo. Nitampeleka mimi."

Truphena aliinua mkono kumnyamazisha. Jambo jipya lilikuwa limemjia, na uso wake ulikuwa umechangamka. Alimnong'oneza Oliver, Oliver akatabasamu, akamnong'oneza Joash.

"Mama yangu anakuja kunisikiliza," alisema Robi. Safari hii sauti haikujaza chumba. "Ameshaomba ruhusa. Truphena, tafadhali."

"Mwaka jana tulishindwa na shule iliyopanda jukwaani na kuku mzima," Truphena alisema, kana kwamba hakumsikia. "Majaji wanapenda kitu wanachokiona. Wanaokubaliana nami?"

Mkono wa Oliver uliinuka, wa Joash ukafuata. Fardowsa aliwatazama wote wawili, akamtazama Robi, kisha akakaa chini.

Truphena akasimama, akanyoosha sketi yake, akatangaza kwa ile sauti aliyoizoea gwarideni:

"Chama kimeamua. Shairi atalighani Oliver, na Robi atamfundisha kuanzia leo. Robi mwenyewe atakaa kwenye kiti mbele ya majaji, viganja juu, na Joash atamtengenezea bango la kuvaa shingoni: Mgonjwa. Mama yake atamwona vizuri kabisa. Na zahanati, Fardowsa, hakuna kwenda kabla ya Ijumaa. Akimeza vile vidonge atapata rangi, atuharibie."