Kola ya Bosi

Wifi yangu alinifundisha usaili siku tatu, amempakata pacha mmoja na mwingine anamvuta sketi. Yeye alijifanya bosi. Mimi nilikuwa mimi, na hata hapo nilishindwa.

"Mtazame mtu machoni," aliniambia. "Ukitazama chini atadhani umeiba."

"Naona haya, wifi."

"Basi mtazame kola, hatajua. Na ukikosa hiyo kazi, Jumatatu mimi narudi kazini kwangu, wewe unabaki na hawa. Usiseme sikukwambia."

Mapacha nawapenda, lakini wanauma.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kupiga pasi kwenye duka la dobi. Pasi naijua. Nilipoacha shule darasa la tano, nilianza kuwapigia majirani sare za watoto wao, wale niliowaacha darasani. Kinachonishinda ni kuongea.

Bosi alikuwa mzee mnene, amekaa nyuma ya kaunta. Pembeni yake msimamizi, mama wa makamo mwenye miwani, alikuwa akibandika namba kwenye mashuka.

"Karibu, binti. Tuambie habari zako."

Nikaikazia macho kola, na hapo ndipo nilipoharibu, maana ilikuwa imepigwa vibaya. Mtu alianzia katikati akasukuma kwenda nje, mikunjo yote ikakimbilia kwenye ncha na kukaukia huko. Shati zuri la watu, limeonewa.

"Binti, nina nini shingoni?"

"Huna kitu, mzee."

"Mbona unanikagua kama daktari?"

Wifi hakuwa amenifundisha kusema uongo, labda alisahau. "Aliyekupigia shati hili alianzia katikati, mzee. Kola inaanziwa kwenye ncha."

Msimamizi akaacha kubandika namba.

"Nimelipiga mwenyewe," bosi akasema. "Mashati yangu napiga mwenyewe, miaka ishirini sasa. Simwamini mtu." Akamgeukia msimamizi. "Mama, ni kweli?"

"Ni kweli."

"Umeona tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Ningesemaje, na mimi nina watoto wanaokula?"

Nikajua kazi imekwenda na maji. Nikachukua mkoba wangu.

"Unakwenda wapi?" Bosi alikuwa ameshaanza kufungua vifungo. Akabaki na fulana ya ndani yenye tundu ubavuni, akanikabidhi shati.

Nikanyunyiza maji, nikageuza kola, nikaanza na upande wa chini. Maswali yake yote aliniuliza nimempa mgongo, na ajabu ni kwamba yalijibika: shule, nyumbani, hata hariri inataka joto kiasi gani. Mteja akaingia kuchukua suti, akamwona bosi na fulana yake, akauliza kama arudi baadaye.

"Tuko kwenye usaili," msimamizi akamjibu. "Karibu ukae."

Bosi akavaa shati. Akajitazama kwenye kioo cha wateja, akageuka kushoto, akageuka kulia. Hakunisifu.

"Jumatatu, saa moja asubuhi," akasema.

Jumatatu nilikuta mashati tisa juu ya meza ya pasi, yote yake. Mwenyewe alikuwa amesimama kando, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Naangalia tu," akasema.

"Sawa, mzee. Ila sogea kidogo, unanizibia mwanga."

Akasogea.