Waya wa Breki

Mwaka mzima picha ilining'inia dukani kwa Faruk, Sumbawanga mjini: Faruk amembeba kibebe, yule samaki wa meno ya msumeno anayepasua maji kwa mbio. Aliyemvua ni Rosina, mwendeshaji wa boti. Faruk alikuwa mwenye boti tu, tena siku ile alilala akitapika. Lakini mzee Modesti, baba yake Rosina, mkulima wa ulezi kule Msanzi, aliiona picha ile akamwita binti yake, aliyemwambia samaki ni wake, mwongo, na akafa bila kulifuta neno lake. Hilo Rosina hakulisamehe.

Kwa hiyo Faruk alipoteremka tena Kipili, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, na wageni wawili kuwaonyesha ubingwa wake, Rosina alikubali upesi kumwendeshea boti.

"Nikufungie ndoana, bosi?"

"Mimi wa kufungiwa? Yule wa kwenye picha ulinifungia wewe?"

"Samahani, bosi."

Faruk akaifunga ndoana moja kwa moja kwenye nailoni nene. Kila mvuvi wa Kipili anajua kibebe hukata nailoni kama uzi wa kushonea, na kwamba ndoana hutanguliwa na kipande cha waya. Rosina akawasha injini. Raha aliyoisikia ilikuwa ya dhambi, na hakuitubia.

Hawakukokota chambo mbali. Mshipi ulivutwa kwa nguvu, kibebe akaruka juu, akazama, na mshipi ukalegea. Nailoni ilirudi tupu, imekatwa safi.

"Bosi, waya uko wapi?" Rosina aliuliza kwa sauti ya kusikika. "Yule wa mwaka jana ulimvulia nini?"

"Nailoni hiihii!"

Wageni wakatazamana. "Hiihii aliyoikata sasa hivi?" mmoja akauliza.

Rosina akatoa mshipi wake chini ya kiti. Ndoana yake ilishikwa na waya wa breki wa baiskeli ya marehemu baba yake. Samaki aliponasa, mshipi ulimchana viganja, lakini alivuta huku akimtukana samaki na Faruk pamoja, mpaka kibebe akatua botini.

"Shika simu, unipige picha," akamwambia Faruk. "Hii ndiyo utakayoitundika. Ile nyingine naishusha mwenyewe."

Faruk alirudia mara tatu. Ya tatu ilitoka nzuri. Rosina aliitazama, hasira ikampanda upya: baba, wa kuonyeshwa, hakuwepo tena.