Maziwa Baada ya Esansi

Wewe uliangalia simu. Usikatae. Tangu esansi, yaani petroli, ianze kuadimika Bujumbura umekuwa ukikaa garini pale gereji ya Mutakura, fundi akainama, akatia mpira wa kunyonyea mdomoni, akavuta esansi ya magendo kutoka kwenye bidoni, lile dumu la plastiki, mpaka ikamgusa ulimi. Akatema. Ukawasha injini, ukaenda zako.

Fundi huyo ana jina: Tajudini. Kila akimaliza kuvuta, mkewe Khadidja alimpa kikombe cha maziwa. Gereji nzima iliamini hivyo: maziwa yanaosha sumu.

Sasa Tajudini amelazwa hospitali, fizi zinavuja damu, na Khadidja kaja na chupa ya maziwa moto.

"Weka chini, mama," dokta Joëlla akamwambia. "Damu inatengenezwa ndani ya mifupa. Kila chembe hai, kabla ya kugawanyika kuwa mbili, inanakili maandishi yake yote, ile DNA. Yanafunguka kama zipu ya ovaroli, kila upande unajengewa mwenzake. Kosa likiingia, mwili unasahihisha. Lakini sumu ya esansi imeyachafua maandishi hayo mwaka baada ya mwaka. Kosa likaponyoka, likanakiliwa, chembe ikazaa chembe mbovu. Ndiyo kansa ya damu hiyo."

"Na maziwa?"

"Maziwa yanaishia tumboni. Ule mvuke aliovuta ulipita mapafuni, ukaingia kwenye damu."

Tajudini akafumbua macho. "Abdu," akasema.

Abdu ni mdogo wake, ndiye aliyeachiwa gereji. Khadidja akatoka mbio. Akamkuta gereji kainama mbele ya gari la mteja, mpira mdomoni, kikombe cha maziwa kikingoja juu ya boneti.

"Abdu, toa hiyo kitu!"

Abdu akatema, akacheka. "Apana, shemeji, we unaogopa bure. Hii esansi ya Kongo tamu kuliko juisi! Na maziwa si haya hapa?"

"Mi nilimupa kaka yako maziwa miaka yote. Anakufa, Abdu."

Kicheko kikakatika. Honi ikalia.

"Mama, maliza siasa zako, nina haraka!" sauti ikatoka garini.

Abdu akamtazama shemeji yake, akalitazama gari. Nyumbani sufuria ni tupu. Akauinua mpira tena.

Honi ile ni yako, usitafute mwingine. Mpira bado haujamfika mdomoni. Weka simu chini, shuka, mnyang'anye. Kamnunulie pampu ya mkono ya kuvutia esansi, umshikishe mwenyewe. Shuka sasa hivi!