Mita Moja ya Rangi Nyeupe

Saa tatu asubuhi, siku ya Jumanne, fundi rangi alikuwa juu ya ngazi mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, akiifuta mikono aliyoichora mwenyewe miaka sita nyuma. Ilikuwa mikono miwili iliyoshikana, nembo ya sabuni ya mche, na mjini hapo ilikuwa nadra kuona ukuta wa duka usio na mikono hiyo. Sasa kampuni ya sabuni ilitaka itenganishwe. Ugonjwa ulikuwa umeizunguka dunia nzima, watu walikuwa wamekatazwa kupeana mikono, na kampuni kubwa kubwa kila mahali zilikuwa mbioni kuonyesha kwamba nazo zimesikia. Dada wa idara ya masoko ya kampuni alimpigia simu kutoka nyumbani kwake, mtoto akilia nyuma yake, akamsomea maagizo: mkono mmoja ubaki kushoto, mwingine uende kulia, katikati iachwe mita moja ya rangi nyeupe, na chini yaandikwe maneno Tuko Mbali, Tuko Pamoja.

"Mita moja kamili, fundi. Usinipimie kwa jicho."

Fundi akapima kwa tepu. Hakuwa mtu wa kubishana na watu wa ofisini, tena miezi ile kazi zilikuwa za kuokoteza.

Rangi ilikauka kabla ya adhuhuri. Ilipokauka, wateja wawili waliokuwa wakipiga soga mbele ya duka waliteleza taratibu, mmoja huku, mwingine kule, mpaka kati yao pakawa na mita moja, kisha wakaendelea na soga zao. Mwenye duka alitoka na misumari ya mmoja wao, akanyoosha mkono, mkono haukufika. Akarudi ndani, akafunga kopo kwenye mpini wa fagio, misumari ikafika.

"Hii rangi yako ina nguvu," alisema.

"Ni ileile ya siku zote," fundi akajibu, akaikunja ngazi yake.

Kwa wiki mbili alipiga kuta thelathini na moja. Kinyozi mmoja alilazimika kuhamishia kiti chake uchochoroni kwa sababu wembe haukufika kwenye kidevu cha mteja. Wachumba waliozoea kuegemea ukuta wa duka la dawa walianza kukutania nyuma yake, palipokuwa na mapipa ya taka. Halmashauri iliandika barua ya shukrani. Dada wa masoko alituma ripoti juu, akasema wananchi wameupokea ujumbe.

Lakini fundi hakuwa na raha. Mkewe alifanya kazi katika kiwanda cha kampuni hiyohiyo, katika chumba cha kufungia sabuni, ambako wanawake tisa walisimama kwenye meza ya kutosha watu watano. Mmoja aliipanga sabuni, mwingine akaifunga, mwingine akabandika, na mche ukapita mkono kwa mkono hadi kwenye katoni. Karatasi za kufungia zilikuwa bado zile za zamani, zenye mikono iliyoshikana, maana stoo ilikuwa imejaa. Kila jioni mkewe alirudi nyumbani, akakaa kitini bila kuvua viatu, akasema maneno machache kuhusu Mama Pacha, jirani yake wa mezani upande wa kushoto.

"Ana kakohozi," alisema siku moja. "Anasema ni unga wa sabuni."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema nini, mume wangu? Nimebanwa huku na huku. Hata kugeuka siwezi."

Fundi hakulala vizuri. Asubuhi alimpigia dada wa masoko akamwomba ruhusa ya kupiga nyeupe kwenye chumba cha kufungia, ukuta mmoja tu, kazi yake ya bure.

"Fundi, nakuelewa kabisa," dada akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kweli. "Ila rangi ile iko kwenye bajeti ya masoko. Kule ndani mteja haoni."

Akafikiri siku tatu. Ya nne, Jumapili, akapiga moyo konde. Alimwambia mlinzi wa getini kwamba ametumwa, na kwa rangi iliyobaki kwenye ndoo akachora mikono miwili kwenye ukuta mrefu nyuma ya meza, akaacha mita moja katikati. Alipima mara mbili.

Jumatatu wanawake waliingia kazini, wakasimama mezani, na meza ikawakataa. Watano walibaki. Watatu walisogea hadi mlangoni, na wa tisa akajikuta koridoni, karibu na ndoo ya kudekia, akaanza kufunga sabuni hukohuko. Kwa kuwa mikono haikufikiana, walirushiana miche. Mama Pacha alikuwa hodari wa kudaka. Mkewe fundi alinyoosha viwiko vyake pande zote mbili, akacheka peke yake chini ya barakoa.

Msimamizi wa zamu alihesabu katoni, akaenda kupiga simu. Saa tano akaja dada wa masoko na mpiga picha. Fundi, aliyekuwa ameitwa, alisimama pembeni akisubiri kufukuzwa. Dada alizunguka chumba, akautazama ukuta, akawatazama wale wanawake wenye nafasi, machozi yakamlengalenga.

"Hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta," alisema.

Wakampiga picha mkewe fundi, kwa sababu macho yake yalikuwa bado yanacheka. Wakampiga akiwa amesimama peke yake, nyeupe nyuma yake, mche wa sabuni mkononi.

"Umemaliza?" msimamizi akamuuliza mpiga picha.

"Nimemaliza."

Vijana wawili wakaingia na vyuma vya kukwangulia, wakaondoa mikono, wakapaka rangi ya kijani iliyokuwapo zamani. Saa nane mchana wanawake tisa walikuwa bega kwa bega. Fundi alipewa kofia ya kampuni. Aliona haya kuivaa, akaona haya kuikataa, akaishika tu hadi nyumbani.

Picha ilibandikwa mji mzima, na maneno Usalama Wako Unaanza kwa Wafanyakazi Wetu. Nayo ilifanya kazi vizuri. Waliosimama mbele yake kusubiri basi waliachiana mita moja bila kuambiwa.

Mama Pacha aliacha kuja kazini Ijumaa moja. Alifariki Jumatano iliyofuata. Kampuni ilileta bango la kitambaa la rambirambi lenye nembo mpya, likatundikwa sebuleni kwa marehemu, na siku ile hakuna aliyeweza kuwakumbatia wale pacha wake. Walikaa kwenye mkeka, mita moja kati yao, wakalia kila mmoja kivyake. Jirani alitaka kulitoa bango, akaambiwa si adabu.

Siku ya pili baada ya mazishi, mkewe fundi alirudi kazini. Jioni alikaa kwenye kiti, akavua kiatu kimoja, akakiweka pajani.

"Leo nilikuwa na nafasi," alisema. "Upande wa kushoto. Mpaka viwiko nilinyoosha."

Fundi akavuta kigoda karibu.

"Mpaka saa nne tu. Saa nne wakaleta mwingine."

"Nani?"

"Simjui. Msichana tu, hana maneno mengi." Akakitazama kile kiatu. "Bega lake ni la moto. Tangu saa nne mpaka tunatoka, la moto."

Fundi akaenda kumchemshia maji ya kuoga, maana hakujua la kufanya jingine. Kulipokucha mkewe alivaa barakoa yake, akatoka mapema ili asikose zamu.