Kumbukumbu Iliyosagwa Osiri

"Si wewe ulisema nibebe kila kitu iko kwa mlango?" Jacktone, kijana wa vyuma chakavu, alisimama nje ya nyumba ya Risper, mzee ambaye vijana wote walimwita Dani, yaani nyanya, kofia mkononi. "Dani, ulisema kila kitu. Lynnet alisikia."

"Nilisema mabati na sufuria zilizotoboka. Ile nilikuwa nimeianika."

"Sasa mtu anaanika chuma?" Lynnet, mkewe Jacktone, akadakia. "Omena tunaanika. Muhogo tunaanika. Chuma, Dani?"

Hapa Suna jirani hahitaji kuitwa. Kufikia maneno hayo ua ulikuwa umeota vichwa, kila mmoja akijifanya anatafuta kuku wake.

Kitu chenyewe kilikuwa fremu ya ukubwa wa sinia, yenye meno ya kuchomekea pembeni, iliyojaa vipete vidogo kuliko mbegu za nyanya, vimetungwa kwenye nyaya nyembamba kama nywele. Ilikuwa kumbukumbu ya kompyuta, ya zamani zile kompyuta moja ilipojaza chumba kizima. Kila kipete kilishika neno moja tu, ndiyo au hapana, na hakikulisahau hata umeme ukizimwa. Risper aliihudumia mashine hiyo miaka kumi na mitatu, katika ofisi moja kubwa Nairobi. Ilipotupwa, mwaka wa themanini na nne, aliomba fremu hiyo, akapanda nayo basi akiwa ameipakata kama mtoto.

Barua yake ya kazi ililiwa na mchwa. Picha hakuwahi kupigwa. Na mtaani walishaamua zamani. Mwikwabe wa posho mill, kinu cha unga pale mtaani, alipenda kusema, "Kompyuta gani ya mwaka wa sabini? Huyu mama alikuwa anapika chai huko." Leo mgeni alikuwa anatoka Homa Bay, mwalimu wa chuo anayekusanya vitu vya kompyuta za kwanza nchini kwa ajili ya maonyesho. Ndiyo maana jana Risper alifagia stoo, na ndiyo maana aliitoa fremu ipigwe jua, iache kunuka unyevu.

Jacktone akafunua kikaratasi. Ndani kulikuwa na chembe ya manjano, ndogo kuliko punje ya wimbi.

"Hatujakula hata kidogo, ni yako yote," alisema. "Ile meno yake ya pembeni ilikuwa inang'aa. Nikasema huyu mama amekalia dhahabu na hajui. Nikapeleka Osiri kwa machimbo ya dhahabu, nikachoma plastiki, nikasaga na mawe, nikaosha na zebaki. Nilitaka kukufurahisha, Dani."

"Hakuna kipande kilichobaki?"

"Ni unga."

Risper alitafuta tusi la kumfaa, akalikosa. Kijana alikuwa amechoka, vumbi la krasha ya mawe limemganda kwenye kope. Ungemtukana vipi mtu aliyekuja na zawadi?

Mgeni alifika saa sita. Aliitwa Joyline Kerosi, mpole, daftari limejaa. Alimsikiliza Risper akieleza chumba kilivyokuwa baridi hata wakavaa sweta Januari, na siku Teresa, mwenzake wa meza ya pili, alipoangusha trei ya kadi zilizotobolewa za kulisha mashine, wakazipanga upya moja moja mpaka jioni.

"Na ile kumbukumbu uliyoniambia kwa simu?"

Jacktone ndiye aliyejibu. "Madam, mimi niliiona kwa macho yangu. Ilikuwa kama wavu."

"Uliipiga picha?"

Uso wake ukachangamka. Akaitafuta kwenye simu, na watu wote wakasogea, hata Lynnet akaacha kutafuna miwa. Picha ilikuwepo. Jacktone aliipiga amuonyeshe mnunuzi, basi alikaribia sana: meno matatu ya dhahabu, na kidole gumba chake kimeziba mengine yote.

Joyline aliikuza picha kwa vidole viwili. "Hii inaweza kuwa ya redio," alisema taratibu. "Mama, mimi nakuamini. Lakini hayo ni maonyesho ya vitu. Siwezi kuandika jina lako chini ya meza tupu."

"Uliza Teresa."

"Yuko wapi?"

"Alizikwa Karungu."

Joyline akaandika kitu kifupi, akafunga daftari. Alikuwa na mtu mwingine wa kumuona Rongo, hangeweza kukaa hata kwa chai. Gari lilipokata kona, Mwikwabe alikohoa, na kwa mara ya kwanza hakusema lolote. Hilo lilimuuma Risper kuliko kejeli zake zote, maana sasa walikuwa wanamhurumia.

Mpaka inasagwa, fremu ile ilikuwa bado imeshika kitu, jambo la mwisho ambalo mashine iliambiwa kabla ya kuzimwa. Risper hakuwahi kujua ni jambo gani. Kwa miaka arobaini alijiambia siku moja atapatikana mtu wa kuisoma.

Alirudi jikoni. Kuku wawili walikuwa wameiva, kuon, yaani ugali, imefunikwa kwa sahani, na nyumbani kulikuwa na yeye peke yake. Alipotoka tena watu wameanza kutawanyika, Jacktone amebaki palepale, hajui aondoke au abaki.

"Wewe," Risper alimwambia. "Umekula tangu utoke Osiri?"

"Bado, Dani."

"Maji ya kunawa yako hapo. Muite na mke wako. Ingieni mle."